Mama mkwe, goti, na miti ya Arboretum

SWALI: Shangazi, mama mkwe wangu amekuja Nairobi kutoka Kitui kutibiwa goti. Anatembea kwa mkongojo, na amechoka kukaa kwenye fleti yetu ya vyumba viwili. Kila siku anauliza, "Miti yenu iko wapi?" Rafiki ameniambia nimpeleke Arboretum, ile bustani ya miti ya hapa Nairobi, pamoja na watoto wangu, wa miaka minne na saba. Je, ataweza? – Mkaza mwana, Pipeline

JIBU: Mpeleke, mwanangu, tena mapema, siku ya kazi. Jumapili pale hujaa watu hadi mtu anakosa pa kuketi.

Ukiingia langoni, njia kuu ni pana na mwenye mkongojo hupita bila taabu. Hatari ni vijia vinavyoteremka kuelekea mto Kirichwa Kubwa. Kushuka ni raha. Wakati wa kupanda ndipo goti hudai haki yake, na mvua ikiwa imenyesha, hata mimi siendi. Huko watoto washuke na baba yao. Wewe na mama bakini juu. Bustani ni kama hekta 30, na hakuna aliyewatuma kuimaliza.

Miti mingi ina vibao vya majina. Msomee mama. Kuna aina zaidi ya 350, za kwetu na za ng'ambo, kwa sababu bustani ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni. Treni za wakati ule zilikula kuni, na wakoloni walitaka mti unaokua haraka. Mama wa Kitui akiambiwa habari ya kuni atakuwa na la kusema! Mama yangu mzazi hata hakuitazama mikaratusi. Alisimama chini ya mti mmoja wa kienyeji nusu saa nzima, akinieleza jinsi magome yake yalivyomtibu kaka yangu tumbo.

Sasa sikiliza hili, maana goti si tatizo lako kubwa. Tatizo ni kima. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na chapati nne nilizozifunga kwa gazeti. Nikalifungua, likachakarika kidogo tu, mara kitu kikatua begani kwangu. Nilipogeuka, bwana yule alikuwa juu ya tawi na chapati zote, anazila mojamoja huku akinitazama usoni kana kwamba zimepungua chumvi. Weka chakula kwenye mkebe wenye kifuniko, na huyo wa miaka minne asishike ndizi mkononi. Wala watoto wasiwalishe kima, ndivyo walivyoharibika tabia.

Ukisikia mtu anapaza sauti peke yake chini ya mti, usishtuke, anaomba. Wako wengi, wengine hushinda hapo hadi jioni. Na mama akitaka kujiunga nao, mwache. Goti litapumzika.