Mwisho wa furaha si uongo

Umeuliza kama riwaya za siku hizi za wanaume wawili wanaopendana zinatudanganya, maana karibu zote huisha kwa furaha. Hapana, ndugu yangu. Riwaya ya mapenzi, wahusika wawe nani, humwahidi msomaji kwamba wawili hao watabaki pamoja. Kinachokufanya usome hadi usiku wa manane ni namna watakavyofika huko.

Na furaha hiyo imepiganiwa. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliandika Maurice, riwaya ya wanaume wanaopendana, mwaka 1913 na 1914, akashikilia kwamba wapenzi wa kitabuni lazima wabaki pamoja. Kitabu hakikuchapishwa hadi 1971, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Kwa muda mrefu wahusika wa namna hii walikuwa wakifa, au wakiachwa peke yao.

Mimi hupima riwaya kwa mambo madogo. Mmoja anamshonea mwenzake kifungo cha shati alilolivaa, uzi anaukata kwa meno, karibu kabisa na kifua, na hakuna anayesema neno. Mwandishi akiwa na subira hapo, mwisho wake nitauamini.