Barua kwa Mwanangu: Mnyama Hasomwi Kwenye Gari

Mwanangu mpenzi,

Kamwene. Sisi huku Idodi hatujambo, mpunga umeanza kubeba na kifua cha baba yako kimetulia. Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikamwambia kaka yako ausome tena kwa sauti ili na baba yako asikie. Umeuliza: uende Pasiansi, kule Mwanza, ukasomee Astashahada ya Awali ya wanyamapori mwaka huu huu, au usubiri mwakani uombe shahada SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro? Ukaongeza kwamba wenzako wanakucheka, eti mtu aliyemaliza kidato cha sita haendi chuo cha kupiga gwaride na kubeba bunduki.

Baba yako alijibu kabla kaka yako hajamaliza kusoma. "Shahada ni shahada." Akanyamaza, na unamjua akishanyamaza. Mimi sina jibu fupi namna hiyo.

Wenzako wanacheka wasichokijua. Pasiansi inafundisha askari wa wanyamapori tangu 1966. Mweka, kule Kilimanjaro, ilifunguliwa 1963, nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, ili hifadhi zetu ziwe mikononi mwa Waafrika wenyewe. Na kusini kwetu huku kuna chuo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, kinachofundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Vyuo hivi havikufunguliwa kwa ajili ya walioshindwa shule. Vilifunguliwa kwa sababu pori linahitaji watu wanaoweza kulitembea, na siku zote nasema, mnyama hasomwi kwenye gari.

Najua utacheka, utasema mama kaanza tena na gari lake. Lakini wewe mwaka ule ulikuwa bweni, ukasimuliwa nusu nusu na shangazi yako, naye hakuwepo. Ngoja nikwambie mwenyewe, maana ukinitajia wanyamapori mimi sioni chuo. Naona shamba letu la juu ya mfereji, asubuhi ile.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka maganda. Usiku tukasikia mabua yanavunjika. Tulipiga madebe, baba yako akawasha moto, majirani wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Tembo aliyekwisha onja mahindi hajali debe. Kulipokucha shamba lilikuwa limelala chini. Yale magunia nilikuwa nimeshayapangia kazi yote, na la kwanza lilikuwa ada yako.

Mtendaji akapiga simu. Gari lilifika jua limeshapanda. Mbali na dereva walikuwemo wawili: afisa mmoja mtu mzima, shati limenyooka kwa pasi, na binti mwembamba mwenye buti la vumbi, aliyetoka chuoni muda si mrefu. Ofisi waliyotoka siitaji, haina haja. Afisa alishusha kioo, akasalimia, akauliza jina la mwenye shamba, akatupa macho kwenye mahindi, akaandika. Kioo kikapanda. Mimi nimesimama pale na kanga yangu imelowa umande mpaka magotini, nasubiri mlango ufunguke. Haukufunguka.

Binti yeye alikuwa ameshateremka kwa mlango wa pili. "Shikamoo mama, pole sana." Akaanza kuniuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: walitokea upande gani, mbalamwezi ilikuwepo, walianza na yaliyo mabichi au yaliyokauka, mlipopiga madebe walisimama au waliendelea kula. Akapiga magoti kwenye tope la mfereji. Akatoa kamba ya katani mfukoni, akaizungusha pembezoni mwa unyayo mmoja, taratibu, anaibana kwa vijiti isiteleze. "Huu ni wa mbele, mama, ndiyo maana ni wa duara. Wa nyuma huwa mrefu na umebana." Kisha akapima urefu wa ile kamba mara mbili, akamwita kaka yako asimame wima. Kamba ikapanda ikampita kichwa, ikafika kwenye ncha za vidole vyake ameinua mikono juu, na bado nyingine ikabaki. "Bega lake liko huko," akasema. Ndivyo walivyofundishwa: mzunguko wa unyayo wa mbele, mara mbili, ndio kimo cha tembo begani. Kaka yako mpaka leo akiona unyayo anatafuta kamba.

Akanionyesha na mistari iliyoachwa na ngozi ya wayo kwenye tope, akaniambia haifanani kwa tembo wawili. Kwa mistari hiyo akahesabu wanne, madume, kwa ukubwa wa nyayo, na hapakuwa na hata unyayo mmoja wa mtoto. Akaenda kwenye kinyesi, akakimega kwa mkono kama mtu anayemega ugali. Ndani mlikuwa na punje za mahindi yangu, nzima nzima, kwa sababu tembo hata nusu ya anachokula hakisagiki vizuri tumboni. Kinyesi kilikuwa bado vuguvugu. "Hawajafika mbali," akasema, akatazama upande wa mto, "na njia hii wameizoea, watarudi." Halafu akauzunguka uharibifu wote kwa miguu, kipimo cha GPS mkononi, kona moja baada ya nyingine. Ekari mbili na nusu.

Akarudi kwenye gari na hesabu yake. Sisi tumesimama hapo hapo tunasikia. Afisa akamwambia ameshaandika ekari moja, aingie waondoke.

Mwanangu, hapo ndipo paliponichoma, na bado pananichoma. Unajua serikali ina kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa, kwa kanuni za 2011. Kifuta jasho kinahesabiwa kwa ekari, na kwa umbali wa shamba lako kutoka mpaka wa hifadhi. Kwa hiyo kila ekari isiyoandikwa ni ekari iliyoliwa mara mbili, kwanza na tembo, kisha na kalamu. Kilichokuja kilikuja kwa ekari moja. Yule binti aliniangalia kupitia kioo, nikaona macho yake, nikamwonea huruma yeye kuliko mahindi.

Alirudi baadaye pamoja na askari wa kijiji, kwa pikipiki. Akatufundisha uzio wa pilipili: nguzo, kamba kuzunguka shamba, vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, na mvua ikinyesha unachovya upya. Sitakudanganya kwamba tembo walikoma. Walikuja, wakafika kwenye kamba, wakanusa, wakageuka wakaenda kwa jirani asiye na kamba. Ikabidi binti aje tena akae na majirani chini ya mwembe mpaka wote wakakubali kufunga kwa pamoja. Hakuchoka, wala hakutusema. Nilikuwa nikimtazama nakuona wewe.

Haya. Mpaka hapo utasema mama ameshasema niende Pasiansi. Subiri kwanza, maana na mimi nimebishana na nafsi yangu usiku kucha.

Yule binti alijua kila kitu cha shamba lile, lakini neno lake liliishia kwenye mlango wa gari. Kalamu ilikuwa ndani. Anayesaini ndiye anayeamua kama kijiji kitapata mabomu baridi ya kufukuzia tembo au kitaendelea na madebe. Sasa mwanangu akasome kamba na unyayo, halafu aje asaini mtu mwingine? Hapo baba yako ana haki yake, ingawa sijamwambia.

Lakini yule afisa wanasema shahada anayo. Ilinisaidia nini?

Na hapo napo nikajikatalia, nikamkumbuka baba yako mdogo aliyeoa Rungwe. Unakumbuka hadithi yake ya kipunji, yule nyani mwenye manyoya marefu na sauti ya ajabu? Wawindaji wa mlimani walikuwa wanamjua. Watafiti wakasikia habari zake kwao, wengine wakidhani ni hadithi tu, mpaka walipopanda Mlima Rungwe wakamwona kwa macho yao 2003. Mwaka 2005 dunia nzima ikatangaziwa, na mwaka uliofuata akawekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wake peke yake, maana hakuwa na wa kufanana naye. Wale watafiti walikuwa wasomi wa juu kabisa, na walipanda kwa miguu, kwenye baridi na ukungu ule unaoujua, wakafuata neno la wawindaji. Kwa hiyo shahada yenyewe haimfungii mtu garini. Na hata huyo afisa, huenda alipoanza kazi alikuwa anateremka. Sijui nini kinamfanya mtu aache kuteremka, ila nimewaona wengi waliokwisha kuacha.

Bunduki naiogopa, nakwambia wazi. Siku hizi ni Jeshi la Uhifadhi, mnapewa mafunzo ya kijeshi na vyeo vya begani, na patroli mnalala porini. Nimezaa, siwezi kufurahia hilo. Lakini pia nakumbuka miaka ile ya ujangili. Mwaka 2009 tembo wa nchi hii walihesabiwa wakawa zaidi ya 109,000. Mwaka 2014 wakabaki kama 43,000. Hapa kwetu tulikuwa tunasikia milio ya risasi upande wa hifadhi na kesho yake hakuna anayesema kitu. Tembo walewale waliokula ada yako, nilipowasikia wanakwisha nililia. Baba yako alinishangaa. Waliokwenda kuzuia walikwenda kwa miguu, wengi wakiwa na vyeti kama hicho wanachokicheka wenzako.

Tena kuna suala la mto, na hilo sitaki ulisahau popote utakaposoma. Wazee wetu hawakujua Ruaha Mkuu mkavu. Tangu 1993 kiangazi unakatika, maji yanabaki madimbwi, tembo wanachimba mchanga. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha kwa ajili ya ardhioevu ya Ihefu na maji hayo, na watu wa huko waliohamishwa nao wana kilio chao. Anayetaka kumsaidia tembo asiyajue haya, atashika bunduki bure. Kama Pasiansi watakufundisha gwaride na silaha tu, nitasikitika. Waulize waliopita huko wanakaa na wanavijiji mara ngapi, wanajifunza nini kuhusu maji. Na SUA nao waulize, katika miaka yote hiyo mwanafunzi analala porini siku ngapi. Mnyama hasomwi kwenye gari, wala hasomwi darasani peke yake.

Kaka yako ananiambia ngazi zenyewe zinapandika: astashahada, stashahada, kisha shahada, ukiwa na ufaulu. Ni njia ndefu kwa miaka na kwa fedha. Anayeanzia juu anafika mapema penye kalamu. Anayeanzia chini anafika akiwa na tope kwenye magoti, na mimi ningependa ripoti ya shamba langu isainiwe na mtu wa namna hiyo. Lakini nimemwahidi baba yako kwamba sitakuamulia, na ahadi hiyo inaniuma mdomoni. Sijasema nenda. Sijasema baki.

Nami nakuuliza, kabla hujajaza fomu yoyote. Siku ukiwa na nyota begani na gari la ofisi, na mama mmoja wa Pawaga amesimama kwenye umande anasubiri, utateremka? Usinijibu haraka kwa kunifurahisha. Ukishapata jibu, nitumie na tarehe ya mwisho ya fomu na kiasi cha ada ya muhula wa kwanza, kwa vyuo vyote viwili, ili baba yako auze magunia mapema kabla bei haijashuka.

Mama yako,
Idodi