Panchi ya Halloween: Juisi Leo, Soda Kesho Wageni Wakifika

Panchi nyingi za Halloween haziharibiki ladha, zinaharibika gesi. Juisi na soda vinamiminwa pamoja saa tisa alasiri, vinakorogwa kwa upawa, bakuli linakaa mezani likisubiri watoto warudi kutoka kuzunguka nyumba za jirani na mifuko yao ya peremende. Ikifika saa moja usiku, kilichobaki ni juisi tamu ya vuguvugu yenye vipande vya matunda. Kwa familia zetu zilizoko Marekani na Kanada, ambako sherehe ya Oktoba 31 haikwepeki mtoto akishaanza shule, inafaa kulijua jambo hili mapema: juisi iandaliwe siku moja kabla, ipoe kabisa, na soda iingie mwisho.

Gesi ya soda ni kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka majini, na maji baridi huishika vizuri kuliko ya moto. Maji yaliyo karibu na nyuzi 0 hushika takriban mara mbili ya yale ya nyuzi 20. Ukimimina soda kwenye juisi iliyotoka kabatini, hufoka povu palepale, na povu hilo ndilo gesi yako inayoondoka. Gesi pia hutokea kwa kasi pale penye chembechembe: punje za sukari, nyuzinyuzi za nanasi, unga wa mdalasini. Wapo wanaoonja panchi ikiwa tayari mezani, wakaona sukari haitoshi, wakatupia vijiko viwili vya sukari kavu. Panchi itapanda hadi kwenye kitambaa cha meza, na ikitulia haina uhai tena. Kwa hiyo utamu uingie kama shira, juisi ichujwe, na viungo vichemshwe vikiwa vizima.

Sasa vipimo. Kwa watu 20, kila mmoja akinywa glasi mbili ndogo za mililita 175, unahitaji lita 7. Nusu yake ni mchanganyiko wa juisi, nusu ni soda. Juisi ya tufaha lita moja na nusu, juisi ya kranberi lita moja, juisi ya nanasi nusu lita, maji ya ndimu mililita 150 na shira ya tangawizi mililita 250. Hapo unapata lita 3.4. Upande wa soda, chukua chupa moja ya lita 2 ya soda nyepesi ya tangawizi na lita moja na nusu ya maji ya soda yasiyo na sukari. Ukitumia soda tamu peke yake panchi inakinaisha kwenye glasi ya kwanza, hasa kwa watoto ambao tayari wamekula pipi njia nzima.

Shira yenyewe ni rahisi. Chukua sukari gramu 250, maji mililita 250, tangawizi mbichi gramu 100 iliyokatwa vipande vyembamba, vijiti viwili vya mdalasini na karafuu sita. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10, funika, iache ipoe nusu saa, kisha chuja kwa kitambaa, si kwa chujio la chai. Tangawizi ina wanga unaotuama chini kama vumbi jeupe, na vumbi hilo nalo hufukuza gesi. Utapata zaidi ya mililita 250. Kinachozidi kiweke pembeni, ndicho cha kurekebishia utamu baadaye.

Juisi ya tufaha ya msimu, ile nzito yenye rangi ya udongo inayouzwa kwa galoni kwa jina la cider, ndiyo inayoipa panchi mwili. Marekani jina hilo peke yake huwa halina kilevi, ila chupa yenye neno hard ni pombe. Uingereza kinywaji chenye jina hilohilo ni pombe moja kwa moja, kwa hiyo aliye huko anunue juisi ya tufaha ya kawaida. Angalia pia kama imeuliwa vijidudu kwa joto. Sheria ya Marekani inadai juisi ya kufungashwa ambayo haikutibiwa iwe na onyo kwenye lebo, lakini ile unayomiminiwa kwa glasi shambani haina lebo, kwa hiyo uliza. Kama kuna watoto, wajawazito au wazee, usitumie isiyotibiwa.

Badala ya kranberi, sisi tunapendelea rosela, ambayo wengine wanaiita choya. Rangi yake nyekundu iliyokolea ndiyo hasa inayotafutwa usiku huo, na uchachu wake ni safi. Katika miji ya Marekani, maua makavu hupatikana kwenye maduka ya Wameksiko na ya watu wa Afrika Magharibi, kwa bei ndogo kuliko juisi ya chupa. Loweka gramu 40 kwenye lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka, dakika 20, chuja, tia sukari gramu 100 ikiwa bado moto. Ukitumia rosela punguza ndimu hadi mililita 75, la sivyo panchi itakuwa kali.

Usiihukumu juisi kwa kuionja peke yake. Itaonekana tamu mno na chachu mno, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu soda itaipunguza nusu na baridi itaififisha zaidi. Chota nusu glasi ya juisi iliyopoa, ijaze na soda baridi, kisha ndipo uonje. Ikiwa chapwa, ongeza ndimu kwanza kabla ya kuongeza shira, kwani mara nyingi kinachokosekana ni uchachu. Punje chache za chumvi kwenye jagi zima husaidia pia.

Kwenye barafu ndipo penye raha ya sherehe hii. Usitie vipande vidogo ndani ya bakuli, vinayeyuka haraka na panchi inakuwa maji. Tengeneza bonge moja kubwa, na kwa Halloween bonge hilo liwe mkono. Nunua glavu za jikoni za vinaili au nitrili zisizo na unga, zisuuze ndani na nje. Jaza kwa nusu maji nusu juisi ya kranberi. Juisi tupu huganda kwa ulaini kwa sababu ya sukari na vidole vinakatika, maji matupu nayo yanaifanya panchi iwe chapwa yakiyeyuka. Usiijaze glavu hadi ikaze: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na glavu hupasuka frizani. Funga kwa kamba, ilaze kwenye sinia, tandaza vidole, acha usiku mzima. Kuitoa, pitisha glavu chini ya bomba la maji ya kawaida kwa sekunde chache, kisha ikate kwa mkasi kuanzia kifundo kuelekea vidoleni na uibandue taratibu. Anayeivuta kama anavyovua glavu yake mwenyewe atabaki na kiganja bila vidole. Tengeneza miwili, mmoja ni wa akiba.

Macho ya kuelea hutengenezwa kwa shokishoki za kopo zilizotolewa kokwa, zinazopatikana kwenye maduka ya Waasia, au lichi za kopo ambazo ni ndugu yake. Chomeka bluberi moja kwenye tundu la kokwa, upande wa kitovu chake ukitazama nje, ugandishe kwenye sinia. Nyama yake nyeupe yenye mishipa hafifu haihitaji urembo zaidi. Lakini haya ni ya bakuli la wakubwa. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, tunda la mviringo linaloteleza linaweza kuziba koo. Kwenye bakuli lao weka vipande vyembamba vya chungwa, na zabibu kama zipo zikatwe mara nne kwa urefu.

Kuhusu moshi, hapa hatulegezi. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, ina nyuzi 78 chini ya sifuri, na haipaswi kuingia kwenye kinywaji cha sherehe yenye watoto. Vipande huzama chini, upawa unavichota, na mtu akimeza kimoja huungua koo na tumbo. Bakuli la kioo nalo linaweza kupasuka. Njia salama ni bakuli mbili: la panchi likae ndani ya chombo kipana zaidi, na kile chombo cha nje ndicho kipate barafu kavu na maji ya moto. Moshi utafurika kuzunguka panchi na kuteremka mezani bila kuigusa. Kilo moja iliyovunjwa vipande inatosha kwa awamu mbili au tatu. Maji yakipoa moshi hufifia, mwaga na tia mengine ya moto. Shika kwa koleo au glavu nene, usiifungie kamwe kwenye chupa au chombo kisichopumua kwa sababu italipuka, na ukiisafirisha garini fungua madirisha. Gesi yake ni nzito kuliko hewa na hukaa chini, waliko watoto wachanga na paka, kwa hiyo chumba kiwe na dirisha wazi.

Vyungu vyeusi vya plastiki vya mapambo, vile vya kichawi, vingi havikutengenezwa kwa chakula. Weka bakuli la kioo ndani yake. Ndoo za bati zilizopakwa zinki na vyombo vya shaba usivitumie kabisa, uchachu wa ndimu na rosela hula metali.

Kama wageni ni Waislamu, soma lebo za zile peremende laini zenye umbo la minyoo zinazoning'inizwa ukingoni mwa bakuli. Nyingi zina jelatini ya nguruwe, na zinazotumia pektini, yaani kigandishi kinachotoka kwenye matunda, zipo pia. Aiskrimu ya matunda inayotupwa juu ili itoe povu la kijani tunaiacha: maziwa yake huwadhuru wenye mzio, na baada ya robo saa povu linageuka utando. Juu ya panchi nyekundu, kijani hicho kinatoa rangi ya matope.

Siku yenyewe, chupa za soda zikae frijini tangu asubuhi, na bakuli tupu pia kama linaenea. Dakika tano kabla ya kunywa, mimina juisi, laza mkono wa barafu, kisha inamisha chupa ya soda na uiteremshe pembeni mwa bakuli, polepole. Pitisha upawa mara moja kutoka chini kwenda juu na uuache. Mimina nusu ya juisi na nusu ya soda kwanza. Awamu ya pili ichanganywe ya kwanza ikiisha, na chupa yenye soda iliyobaki ikae imefungwa kabisa hadi hapo.

Mchanganyiko uliokwisha kutiwa soda hauna maisha ya kesho. Juisi iliyobaki jagini bila soda hukaa frijini siku tatu, au igandishe kwenye vibati vya barafu, na matunda yaliyokaa mezani zaidi ya saa mbili yatupwe.