Maziwa hayasafishi vumbi la kokoto kifuani

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anayegonga kokoto pembeni mwa Dodoma anywe maziwa kuondoa vumbi, maana anakohoa tangu mwezi uliopita. Nimeifanya kazi hiyo milima ya huku huku, na nimemuuguza kaka yangu aliyeumia kwayo, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua.

Maziwa hayafiki huko. Yanapita kwenye umio kwenda tumboni, hewa inashika njia yake kwenda mapafuni. Anywe kwa lishe, basi.

Anayesafisha ni mwili wenyewe. Punje kubwa zinanaswa na vinyweleo vya puani. Zinazopenya zinanata kwenye ute wa mirija ya hewa, na vijinywele vidogo mno vinausukuma ute huo juu hadi uuteme au uumeze. Ile kamasi ya kijivu unayopenga jioni inatisha, lakini hilo ni vumbi lililokamatwa. Liogope lile usiloliona, la chini ya mikromita 5. Hilo linateremka mpaka kwenye vifuko vya hewa, pale damu inapopokea oksijeni, na huko hakuna vijinywele vya kulirudisha. Seli za ulinzi zinalimeza, lakini likiwa la silika, madini yaliyomo kwenye mawe, linaziua, na mahali pake panabaki kovu. Makovu yakizidi, pafu linakakamaa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Mawe yetu mengi huku ni matale (graniti), na matale yana silika nyingi.

Kaka alianza kwa kuishiwa pumzi. Ndoo ya maji aliyozoea kupanda nayo akawa anaitua katikati ya mlima, ameshika kiuno, mabega yanapanda na kushuka. Zahanati moja ikamtibu nimonia mara kadhaa, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani! Hilo linaniuma mpaka leo. Alipokuja kupimwa makohozi na kupigwa picha ya kifua, alikutwa na silikosisi pamoja na kifua kikuu. Hayo mawili yanafuatana sana, kwa sababu pafu lililojeruhiwa na silika linashindwa kupambana na vijidudu vya TB. TB ilipona kwa dawa za miezi 6, ambazo hutolewa bure. Makovu anayo.

Mdogo wako akapimwe makohozi wiki hii, kikohozi kimeshapita wiki mbili. Hata yakiwa safi, aombe picha ya kifua, na amwambie daktari mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa, kwamba anagonga mawe na ameanza mwaka gani. Kazini wamwagie mawe maji kabla ya kugonga na wakae upande upepo unakotoka, hasa Julai na Agosti. Kanga puani inazuia punje kubwa tu. Barakoa ya N95, ile ya kuchuja vumbi laini, ikibana vizuri ndiyo inayosaidia, nayo ikishajaa vumbi aitupe.