Maswali ya Wasomaji: Foksiglovu Kwenye Bustani ya Kivuli

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Uingereza, ambako foksiglovu, yaani Digitalis purpurea, huota yenyewe kando ya misitu na kwenye kingo za barabara za mashambani. Nyingine imetoka Limuru. Maswali yaliyofanana tumeyajibu kwa pamoja.

Nilinunua pakiti ya mbegu mwezi wa nne, nikazimwaga kwenye kitanda cha maua chini ya mtofaa, nikafukia kama sentimita moja na kumwagilia kwa mpira kila jioni. Wiki ya sita hii sijaona hata mche mmoja. Je, niliuziwa mbegu mbovu? — Msomaji, Leeds

Mbegu hazina kosa, zimezikwa. Mbegu ya foksiglovu ni laini kama ugoro, gramu moja ina maelfu, na inahitaji mwanga ili iote. Ukiifukia sentimita moja haiozi, inalala tu, na inaweza kulala miaka mingi. Ndiyo maana msitu ukikatwa Uingereza, baada ya muda pale palipokuwa giza panajaa foksiglovu. Kwa hiyo usishangae zako zikichipua siku utakayopalilia hapo chini ya mtofaa. Na zile zilizobaki juu, presha ya mpira imezisomba.

Pakiti ya pili ianzie kwenye trei. Wakati mzuri kwenu ni kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai. Chukua mboji ya kuoteshea, ile isiyo na mbolea kali, uichekeche ili mabonge yasibaki, jaza trei, kisha ushindilie kidogo kwa kipande cha ubao hadi juu pawe sawa kabisa. Usawa huu si urembo: mbegu ikitumbukia kwenye kishimo, udongo utaifunika na mwanga hautaifikia. Weka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2, uiache inyonye mpaka uso wa mboji ubadilike rangi, halafu uitoe ichuruzike. Sasa changanya mbegu kidogo, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, na kijiko cha mchanga mkavu mwembamba, unyunyize juu. Mchanga unakuonyesha wapi umeshapita na unazuia mbegu kurundikana. Usifukie. Ukiona lazima uweke kitu, basi vemikulaiti (chembe za madini mepesi ya kuoteshea) nyembamba ambayo bado unaona mboji chini yake.

Funika kwa kioo au plastiki angavu, weka mahali penye mwanga pasipopigwa na jua moja kwa moja, joto la nyuzi 15 hadi 20. Jua la dirishani likipiga chini ya kioo kwa saa chache tu, miche inapikwa. Miche huonekana kati ya wiki mbili na tatu, mara nyingine nne. Siku ya kwanza ukiiona, ondoa kifuniko. Wengi huchelewa hapa, na unyevu uliofungiwa unaleta kinyausi: miche inalala chini kwa mafungu, shina limenywea pale linapogusana na udongo. Mche ulioanguka hivyo hauinuki tena. Tunachoweza kuokoa ni ule ulio upande wa pili wa trei, kwa kuupa hewa na kupunguza maji.

Ikifika majani halisi 2 hadi 4, hamishia kila mche kwenye chungu cha sentimita 9. Shika jani, usishike shina. Septemba au mwanzo wa Oktoba pandikiza bustanini, sentimita 45 kati ya mche na mche. Mwezi wa kwanza hapo ni vita na koa. Zunguka na tochi baada ya giza kuingia uwaokote kwa mkono, maana koa mmoja humaliza miche kadhaa kwa usiku mmoja, ilhali mmea uliokomaa hawausumbui sana.

Nilipanda mbegu Juni mwaka jana. Mwaka huu baadhi ya mimea imetoa mashada marefu ya maua, lakini mingine, ya pakiti hiyohiyo, ni majani matupu. Nimeongeza mbolea na bado. — Msomaji, Birmingham

Acha mbolea, hasa yenye naitrojeni nyingi. Itakupa majani makubwa zaidi, na maua utaendelea kuyakosa. Foksiglovu ya kawaida ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutandaza majani chini, hupita kwenye baridi ya majira ya baridi, mwaka wa pili hutoa shada, huzaa mbegu, kisha mara nyingi hufa. Sasa jambo ambalo pakiti haisemi: mmea mchanga mno hauihesabu hiyo baridi. Lazima uwe umeshafikisha ukubwa fulani, kwa makadirio majani manane au zaidi, ndipo baridi ya wiki kadhaa iuamshe kutoa ua. Miche yako iliyobanwa na wenzake, au iliyokaa muda mrefu kwenye vyungu vidogo, iliingia Desemba ikiwa midogo. Iache ilipo. Itachanua mwaka ujao, na kwa kawaida inakuwa minene kuliko iliyotangulia.

Kuna wanaoweka mbegu kwenye friji wakidhani wanafupisha safari. Haisaidii kwa suala la maua, kwani kinachotakiwa kuhisi baridi ni mmea wenye majani.

Ukitaka maua kila mwaka, otesha miaka miwili mfululizo. Baada ya hapo, ukiacha mashada mawili matatu yakauke yamesimama, yatajimwaga yenyewe, na kazi yako itakuwa kupunguza. Mashada mengine yakate maua yanapoisha. Mmea mara nyingi huchipusha vishada vidogo pembeni.

Kivuli cha nusu ni kivuli gani hasa? Za kwangu ziko chini ya msonobari karibu na ukuta na zinanyauka kila mchana. — Msomaji, Cardiff

Ni jua la muda wa saa tatu hadi tano kwa siku, likiwa la asubuhi ni bora zaidi, au mwanga uliochujwa na majani ya miti inayopukutisha. Chini ya mti wa namna hiyo foksiglovu hunufaika mara mbili, kwa sababu majira ya baridi na mwanzo wa kuchipua mti uko wazi, na mmea unakusanya nguvu kabla majani hayajafunga.

Msonobari ni habari nyingine. Kivuli chake ni cha mwaka mzima, mizizi yake inakunywa maji ya juu, na ukuta nao unakinga mvua. Tatizo lako ni ukavu kuliko kivuli. Hamisha mimea angalau mita moja na nusu kutoka ukutani, nje ya matawi, uchanganye ndoo moja ya mboji ya majani kwa kila mita ya mraba, kisha weka matandazo ya sentimita 5 bila kugusa kitovu cha mmea. Udongo wenye uchachu kidogo unazifaa. Lakini usipitilize upande wa pili: mahali ambapo maji yanasimama wakati wa baridi, kitovu huoza na majani yote yanang'oka mkononi ukiyavuta.

Majani yana madoa. Nipulizie dawa gani? — Wasomaji watatu

Inategemea madoa yenyewe. Geuza jani kwanza.

Madoa ya kahawia au zambarau, ya mviringo, yaliyo zaidi kwenye majani ya chini, ni ugonjwa wa fangasi wa kawaida. Ondoa majani yaliyoathirika na uendelee na kazi zako. Unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga, dalili kwamba mizizi imekaukiwa. Mwagilia na tandaza.

Linalotutia wasiwasi ni ubwiri vinyoya. Juu ya jani unaona mabaka ya manjano hafifu yenye pembe, kwa sababu yanaishia kwenye mishipa. Chini yake, hasa asubuhi yenye umande, kuna manyoya meupe au ya kijivu. Jani linajikunja, linaharibika umbo, na mmea mchanga hudumaa kabisa. Ugonjwa huu unapenda majani yaliyolowa kwa saa nyingi, kwa hiyo miche iliyosongamana kivulini na kumwagiliwa jioni kutoka juu imeandaliwa kuupata. Dawa za dukani za mtunza bustani wa nyumbani hatuzitegemei hapa. Ng'oa mimea iliyoathirika sana, ifunge kwenye mfuko, usiitupe kwenye rundo la mboji, maana vijimbegu vya ugonjwa huu hubaki kwenye masalia ya mmea na udongo. Iliyobaki iachie nafasi, mwagilia asubuhi shinani, na pale palipougua panda kitu kingine kwa miaka michache.

Ukikuta ua ambalo mdomo wake umefungwa kwa nyuzi kama za buibui, ndani yake kuna kiwavi wa nondo. Anakula ua hilo na mengine machache. Tungemwacha.

Nilikusanya mbegu kwenye foksiglovu nyeupe, zikatoka zambarau. Na mmoja una ua kubwa la ajabu kileleni, limefunguka kama bakuli. — Msomaji, Bristol

Nyuki wakubwa wenye manyoya ndio wachevushaji wake wakuu. Wanaanza maua ya chini na kupanda juu ya shada, kisha wanarukia mmea mwingine wakiwa na chavua. Kama kulikuwa na ya zambarau kwa jirani, wamechanganya, na zambarau ndiyo inayotawala. Bahati nzuri huna haja ya kusubiri ua ili kujua. Miche ikiwa na upana wa kiganja, tazama kikonyo cha jani na mshipa wake wa kati upande wa chini: wekundu au uzambarau humaanisha ua la zambarau, kijani kitupu humaanisha nyeupe au rangi hafifu. Ng'oa yenye wekundu kabla haijachanua. Mbegu za aina chotara za F1 (kizazi cha kwanza cha chotara) usihangaike kuzikusanya, hazirudii mama.

Hilo bakuli la kileleni si ugonjwa. Ni hitilafu ya kurithi, na ua hilo mara nyingi hutangulia kufunguka kuliko yaliyo chini yake.

Mama amekuja kututembelea kutoka Nyeri. Ameona majani bustanini akasema ni mabaki (komfrei), anataka kuchuma ya kuchemsha. Mimi nadhani ni foksiglovu ya mwaka wa kwanza. Natofautishaje? — Msomaji, Milton Keynes

Mwambie mama kwa heshima zote asichume, hata jani moja, mpaka mmea utoe ua. Kosa hilihili la kuchanganya majani haya mawili limewalaza watu hospitalini Ulaya. Ukipapasa ukingo wa jani la foksiglovu utahisi vijino vidogo. La mabaki ni laini bila vijino. Manyoya ya foksiglovu ni mororo, ya mabaki yanakwaruza. Lakini usimwamini mtu anayesema dalili hizi zinatosha kwa chakula.

Sehemu zote za foksiglovu zina sumu ya moyo, hata maji ya chombo ulichowekea maua. Kuchemsha na kukausha hakuiondoi. Ni kweli William Withering, daktari wa Birmingham, aliandika mwaka 1785 jinsi mmea huu unavyowasaidia wagonjwa waliovimba miili, na digoksini, dawa ya moyo ya hospitalini leo, inatoka kwenye ndugu yake, Digitalis lanata. Ila kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua nafasi ni finyu sana, na jani halina kipimo. Mtu akila: kichefuchefu, kutapika, kuona ukungu au rangi ya manjano, mapigo ya moyo kwenda polepole au ovyo. Piga 999 bila kungoja dalili zote, usimtapishe, na chukua jani uende nalo. Bustani yenye mtoto wa kutambaa isubiri miaka michache.

Limuru tuna baridi ya kutosha. Ndugu yangu anaweza kunitumia mbegu kutoka London? — Msomaji, Limuru

Kwa barua ya kawaida, hapana. Unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea cha nchi zinakotoka, hata kwa pakiti moja. Anza na wauzaji wa mbegu za maua wenye leseni hapo Kenya.

Baridi yenu ya Julai ni kali kwa binadamu, lakini si wiki nyingi mfululizo za nyuzi 5 usiku na mchana. Foksiglovu ya kawaida inaweza kukaa majani tu. Tafuta 'Foxy', 'Camelot' au 'Dalmatian', ambazo huchanua mwaka wa kwanza bila kungoja baridi, takriban miezi mitano tangu kupandwa. Otesha chini ya paa la plastiki angavu, kwani tone moja la mvua ya masika linatosha kufukia mbegu hizi. Jua la adhuhuri la kwenu ni la juu kichwani, hivyo kivuli cha mchana ni lazima.

Na kwa kuwa wengi mnafuga: mashada mliyokata yasiende kwenye hori. Ng'ombe au mbuzi anayelikataa jani bichi kwa uchungu wake anaweza kulila likishakauka na kuchanganyika na nyasi, na sumu bado imo.