Maswali ya Bustani: Jalidi, Fuko na Tumbili

SWALI: Hamjambo, wataalamu? Januari viazi vyangu vililala kijani vikaamka vyeusi. Nimepiga dawa ya blaiti, ule ugonjwa wa ukungu, mara mbili, wapi! Mti wa matunda damu nao umekauka ncha, na nilikuwa nimeufunika nailoni nikaifunga kwenye shina. Nilikosea wapi? – Msomaji, Mau Narok

JIBU: Weka dawa kando. Blaiti huanza kwa madoa, huota ukungu mweupe chini ya jani, kisha huenea siku baada ya siku. Viazi vilivyoungua vyote kwa usiku mmoja, majani ya juu yakitangulia, vimepigwa na jalidi, yaani baridi kali ya usiku inayogandisha majani.

Usiku wa kuogopwa huko kwenu ni ule wa kiangazi, mbingu haina wingu na upepo umetulia. Ardhi hupoteza joto lake angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Kama chini ya shamba lako kuna ua la miti ya sipresi lililoshonana, linaizuia hewa hiyo kama ukingo wa bwawa. Fungua mwanya wa mita moja au mbili pale chini kabisa ipate kutoka.

Joto la kukuokoa limo udongoni. Mwagilia matuta mchana, si jioni, kwa maana udongo wenye unyevu huhifadhi joto la jua kuliko ule mkavu uliotifuliwa. Nyasi kavu za matandazo zisukume kando wiki hizo, kwani huzuia jua kupasha udongo na usiku huzuia joto lisipande kwenye majani. (Tunajua, miezi mingine yote tunawahimiza mtandaze.)

Nailoni yako ilikuwa na makosa mawili. Iligusa majani, na jani linaloigusa huganda pale pale. Pia uliifunga kwenye shina kama mwavuli, basi joto la ardhini likapita nje. Simika fito nne zilizouzidi mmea kwa sentimita 20 hivi, tandika juu yake gunia au shuka kuukuu, ukingo wake ufike chini, uubane kwa mawe. Funika saa kumi na moja jioni, funua saa tatu asubuhi. Kunyunyiza maji kidogo usiku kisha ukaenda kulala ni hasara, maana maji yakivukiza huzidi kupoza jani.

Viazi viinulie udongo. Mara nyingi huchipuka tena kutoka chini, ingawa mavuno yatapungua. Matunda damu usiyapogoe sasa. Subiri wiki tatu au nne, kwaruza gome kwa ukucha, kisha kata juu kidogo ya mahali penye ubichi. Mbolea ya CAN isubiri pia: machipukizi laini ndiyo huungua kwanza.

SWALI: Fuko amemaliza karoti zangu, na kila nikifukia shimo anafungua lingine. – Mkulima, Kapsokwony

JIBU: Usifukie, fungua. Tafuta kichuguu cha fuko chenye udongo mbichi, chimba hadi uione njia, uiache wazi. Fuko hapendi mwanga wala upepo njiani mwake, hivyo atarudi kuziba. Akishaziba, ujue njia inatumika. Tega hapo kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye fito iliyopindwa. Watu wengi hutega njia aliyoihama, wakalaumu mtego. Kwa karoti za jikoni, jenga tuta la mbao na utandike chini yake wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita mbili, ukiupandisha hadi juu ya mbao. Pembeni ndiko huingilia.

SWALI: Tunakaa karibu na mbuga ya Ziwa Nakuru. Tumbili wanamaliza nyanya na mahindi. Niwatilie sumu? – Mama Mboga, Nakuru

JIBU: La, mama. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza, na sumu hiyo itaua mbwa wa jirani kwanza. Wakizidi, piga ripoti KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Neti iliyolazwa juu ya mimea wataiinua. Jenga kibanda cha fito, ukizungushie waya wa kuku, na juu pia, mlango wenye komeo. Kata matawi yanayoning'inia karibu na kibanda, funika taka za jikoni, na uchume nyanya zikianza tu kugeuka rangi, ziivie ndani ya nyumba.