Kufuli tatu nilizojifungia mwenyewe

Nilipoingia kikundi cha hisa, yaani cha kuweka akiba pamoja kwa kununua hisa kila wiki, mwaka 2019 shemeji yangu alinishangaa sana, akaniambia yaani hela yako ya genge mwenyewe halafu uende kuiombea ruhusa kwa watu? Na kweli ukiangalia kwa nje ni kama jela. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Kila wiki kikao, ukichelewa faini, simu ikilia faini, na hisa mwisho tano tu hata kama wiki hiyo umeuza sana. Mwezeshaji alituambia utaratibu huu ulianza na kina mama wa Niger 1991, mie nikajisemea basi hao kina mama walijua wanachokimbia.

Maana kabla ya hapo hela yangu ilikuwa kwenye simu, naitoa saa yoyote, na ikifika jioni ishakuwa ya kila mtu isipokuwa mimi, mara msiba, mara vocha, mara kitenge nimekiona Kariakoo. Ile ndo nilikuwa naiita uhuru jamani! Baada ya kufuli nikaweza kwa mara ya kwanza kumwambia ndugu hela ipo sandukuni mpaka Desemba, na hatukugombana. Desemba tukavunja sanduku, yaani kila mtu akagawiwa chake, nikanunua friji, nikaanza kuuza juisi hapo hapo gengeni. Friji nililitaka tangu Januari, kufuli zilinizuia tu nisijisaliti njiani.

Ila kukubali peke yake hakutoshi. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kukukamua, nao nilisaini kwa mkono wangu, mtoto anaumwa, karatasi nikaja kuisoma baadaye. Hiyo siwezi kuiita hiari. Kikundini katiba tuliitunga wenyewe, tukabishania faini mpaka magharibi, na mzunguko ukiisha asiyetaka kuendelea anachukua chake anaondoka kwa amani. Kwa hiyo dada yangu, kabla hujajifunga popote, iwe kikundi iwe ndoa iwe kazi ya mkataba, uliza masharti katunga nani, yanabadilishwaje, na mlango wa kutokea uko wapi. Ukijibiwa kwa ukali usisaini siku hiyo.

Mwaka huu tumewafutia faini ya kuchelewa wenye watoto wachanga. Mie nilipinga, nikashindwa kwa kura, na Jumamosi nitakuwepo kama kawaida.